Spika Katika Vipande Vidogo: Jinsi Kompyuta Inavyokokotoa Uga wa Sumaku

Spika ni mfano wa kawaida katika mada ya sumakuumeme. Mtahiniwa hutakiwa achore spika ya koili, ataje sehemu zake na aeleze jinsi mkondo wa umeme unavyozaa sauti. Wengi huchora vizuri. Kisha wanaandika kwamba "sumaku huvuta karatasi", na hapo alama zinakwenda. Karatasi haivutwi na sumaku. Spika pia haifanyi kazi kwa kuvuta na kuachia kama kengele ya umeme, ambayo ni mfano mwingine wa mada hiyohiyo na ndiyo inayowachanganya watu.

Somo hili linaanza na jibu sahihi la swali hilo, kisha linakwenda hatua moja mbele ya muhtasari: linaonyesha jinsi wahandisi wanavyoiiga spika ndani ya kompyuta kabla haijatengenezwa. Usitegemee hatua hiyo iulizwe kwa jina lake. Nimeiweka humu kwa sababu mtu akielewa kwa nini kompyuta inaukata uga vipande, hasahau tena maana ya herufi B katika F = BIL, na herufi hiyo ndiyo inayowasumbua watahiniwa kuliko I na L zikiwekwa pamoja.

Spika ya mnadani

Tuchukue spika unayoijua. Msimu wa korosho, wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale hukutana kwenye minada ya chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kwa herufi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Bei inaposomwa, aliye nyuma ya umati anaitegemea spika. "Elfu tatu mia mbili" na "elfu tatu mia tatu" zinakaribiana sana masikioni pale sauti inapopasuka. Kwa mkulima mwenye tani moja, tofauti hiyo ya shilingi 100 kwa kilo ni shilingi 100,000, na anatakiwa aseme anakubali au anakataa akiwa palepale. Kwa hiyo swali la kwa nini spika hukoroma inapoongezwa sauti lina uzito wake. Tutalijibu kwa hesabu.

Fungua spika iliyokufa ya redio uitazame. Nyuma kuna sumaku ya mviringo yenye tundu katikati, kama bangili nene. Imebanwa kati ya mabamba mawili ya chuma laini. Bamba la nyuma lina nguzo fupi ya chuma inayopita katika tundu la sumaku na kutokeza mbele. Bamba la mbele lina tundu kubwa kidogo kuliko nguzo hiyo. Kati ya nguzo na bamba la mbele unabaki mwanya mwembamba wa mviringo, milimita moja au mbili hivi. Ndani ya mwanya huo imening'inia koili ya waya wa shaba bila kugusa upande wowote. Koili imegundishwa kwenye shingo ya koni, ile karatasi unayoiona kwa mbele. Kitambaa chenye mikunjo, aghalabu cha njano, huishika koili isiyumbe na huirudisha katikati kila inapoondoka.

Kazi ya chuma laini ni kuuchukua uga wa sumaku na kuumimina wote, au karibu wote, katika mwanya ule. Mistari ya uga humo hutoka kwenye nguzo kwenda kwenye bamba pande zote, kama njiti za gurudumu la baiskeli zinavyotoka kwenye kitovu kwenda kwenye ringi. Mkondo katika koili nao unazunguka kufuata mduara. Kwa hiyo kila mahali katika koili, mkondo na uga vinakutana kwa pembe mraba. Tumia kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming: kidole cha shahada kielekeze uga, cha kati mkondo, na gumba litaonyesha kani. Utakuta kani inaelekea mbele au nyuma ya spika, kamwe si pembeni. Mkondo ukigeuka, kani inageuka. Mkondo ukigeuka huku na huku mara 440 kwa sekunde, koili, koni na hewa iliyo mbele yake vitatetema mara 440 kwa sekunde, nawe utasikia sauti ya masafa ya hezi 440.

Hilo ndilo jibu la mtihani. Ukishalielewa kwa Kiswahili, kulieleza kwa Kiingereza kwenye karatasi ni kazi ya maneno tu.

Jaribio moja ulifanye mwenyewe. Chukua spika ya redio mbovu na betri ya volti 1.5. Gusisha nyaya mbili kutoka kwenye betri hadi kwenye vituo vya spika kwa muda mfupi. Utasikia "tak" na utaona koni imeruka, ama nje ama ndani. Geuza nyaya, itaruka upande wa pili. Ukishikilia nyaya, koni itakaa pale ilipofika na hutasikia kitu, kwa sababu mkondo mnyoofu usiobadilika hutoa kani isiyobadilika, na bila mtetemo hakuna sauti. Usilifanye jaribio hili kwa betri ya gari. Koili itapata moto na waya utaungua, na hiyo ndiyo njia spika nyingi zinavyokufa: amplifaya mbovu huachia mkondo mnyoofu, koili inapikwa kimyakimya.

Jambo lingine dogo. Spika iliyoandikwa omu 8 ukiipima kwa mita, aghalabu itasoma omu 6 au 7. Si mbovu. Mita inapima ukinzani wa waya kwa mkondo mnyoofu. Namba iliyoandikwa inahusu mkondo geu, ambao katika koili hukutana na kizuizi cha ziada.

F = BIL, na mahali inapohitaji uangalifu

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mazoezi, lakini spika yenye namba za karibu na hizo si ngeni. Koili ina waya wenye urefu wa mita 6. Ukali wa uga katikati ya mwanya ni tesla 1.0. Mkondo ni ampea 0.5. Mtahiniwa anaandika:

F = BIL = 1.0 × 0.5 × 6 = nyutoni 3.0

Kama koili na koni kwa pamoja vina tungamo la gramu 10, yaani kilo 0.01, mchapuko ni 3.0 ÷ 0.01 = mita 300 kwa sekunde mraba, mara 30 hivi ya mchapuko wa mvutano wa dunia. (Ukisahau kugeuza gramu kuwa kilo utapata 0.3, na koni itakuwa mvivu kuliko kobe.)

Kwenye mtihani hesabu hiyo inatosha, kwa sababu swali litakuwa limekupa B moja. Kwenye spika yenyewe haitoshi. Itazame koili tena: mara nyingi huwa ndefu kuliko mwanya. Tuseme bamba la mbele lina unene wa milimita 8, basi mwanya una kina cha milimita 8. Koili ina kimo cha milimita 12. Milimita 2 zimetokeza juu na milimita 2 zimezama chini, nje ya mwanya. Huko nje uga haukatiki ghafla kama ukuta. Unachuja kidogokidogo, kama mwanga wa koroboi unaotoka mlangoni na kufifia uani. Basi waya wa mita 6 hauko wote katika tesla 1.0.

Tufanye nini? Tukate koili vipande. Kila kipande kiwe na kimo cha milimita 2, hivyo tunapata vipande 6, na kila kimoja kina mita 1 ya waya. Ndani ya kipande kifupi hivyo uga haubadiliki sana, kwa hiyo B moja kwa kipande kimoja si uongo mkubwa. Tuseme ukali wa uga, ukipimwa kutoka katikati ya mwanya, uko hivi juu na chini sawasawa:

milimita 1 kutoka katikati: tesla 1.0
milimita 3: tesla 0.9
milimita 5: tesla 0.3
milimita 7: tesla 0.1
milimita 9: tesla 0.0

Koili ikiwa imetulia katikati, vitovu vya vipande vyake viko milimita 5, 3 na 1 upande wa chini, na 1, 3 na 5 upande wa juu. Jumlisha B ya kila kipande mara urefu wake wa waya:

0.3 + 0.9 + 1.0 + 1.0 + 0.9 + 0.3 = 4.4

Kwa mkondo wa ampea 0.5, kani ni 0.5 × 4.4 = nyutoni 2.2. Si 3.0. Zaidi ya robo ya kani tuliyoitegemea haipo.

Sasa ongeza sauti mpaka koili isogee nje milimita 4. Kila kipande kimepanda milimita 4. Vitovu sasa viko milimita 1 chini, kisha 1, 3, 5, 7 na 9 juu:

1.0 + 1.0 + 0.9 + 0.3 + 0.1 + 0.0 = 3.3

Mkondo uleule wa ampea 0.5 sasa unatoa nyutoni 1.65. Kani imepungua kwa asilimia 25 kwa sababu tu koili imesogea. Elewa maana yake. Amplifaya inatuma wimbi lenye kilele kirefu. Koili inapokaribia kilele hicho, kani inapungukiwa, na kilele kinatoka kimebonyea. Wimbi lililobonyea lina ndani yake masafa mengine ambayo msemaji hakuyatamka. Masafa hayo ya ziada ndiyo sikio linayoyaita kukoroma.

Nisieleweke vibaya hapa. Amplifaya nayo hubonyeza vilele inapodaiwa volti isizokuwa nazo, na sikio halitofautishi kwa urahisi. Zile spika za mdomo wa tarumbeta zinazofungwa juu ya gari la matangazo zina kiwambo kidogo kinachotembea sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hiyo koili yake haitoki katika mwanya. Zikipasua sauti, mshuku amplifaya kwanza. Ni zile spika pana za muziki, zilizorundikwa kwenye maboksi, ambazo koili yake husafiri milimita kadhaa na hesabu yetu inazihusu moja kwa moja.

Nani alituambia 0.9 na 0.3?

Hesabu yote ya juu imesimama juu ya zile namba za tesla. Nilizitunga kwa ajili ya mazoezi, lakini mhandisi hawezi kutunga. Anaweza kupima, ila mwanya ni wa milimita moja au mbili na chombo cha kupimia lazima kiwe chembamba kuliko hapo, tena spika iwe imekwishatengenezwa. Anataka kujua kabla hajanunua chuma. Na kwa umbo lenye nguzo, bamba, bangili ya sumaku na pembe za chuma, hakuna fomula ya mstari mmoja.

Njia iliyopatikana ni ileile tuliyotumia kwenye koili: kata vipande. Safari hii tunakata nafasi nzima, hewa na chuma na sumaku.

Kumbuka ramani ya kontua ya somo la Jiografia. Kila nukta ina kimo chake. Kontua zikibanana, mteremko ni mkali. Zikiachana, ardhi ni tambarare. Uga wa sumaku mahali pasipo na mkondo unaweza kuchorwa kwa namna hiyohiyo. Tunaipa kila nukta namba moja, tuiite kimo cha sumaku. Uso wa ncha ya kaskazini una kimo kikubwa, uso wa ncha ya kusini una kimo kidogo. Kimo kinaposhuka haraka, uga ni mkali. Kinaposhuka taratibu, uga ni hafifu. Ndiyo maana mwanya wa spika unafanywa mwembamba: mteremko uleule unabanwa ndani ya milimita moja badala ya tano.

Kanuni ya vimo hivyo ni rahisi ajabu. Ukipanga nukta hewani katika miraba iliyo sawa, kimo cha kila nukta kinakaribia sana kuwa wastani wa vimo vya majirani zake wanne. Asili inapanga uga ili nishati iwe ndogo kadiri inavyowezekana, na mpangilio huo hauna kilima wala shimo linalojitokeza peke yake katikati. Wamba ngozi ya ngoma juu ya ukingo usio sawa, utaona jambo lilelile: ngozi itainama huku na kuinuka kule, lakini haitatoa kichuguu katikati pasipo kitu cha kuisukuma.

Tujaribu na nukta nne. Ukingo wa juu una kimo 100, kingo nyingine zote zina 0.

        100  100
   0     A    B     0
   0     C    D     0
         0    0

Kwa ulinganifu, A na B ni sawa. C na D ni sawa. Kanuni ya wastani inasema:

A = (100 + 0 + A + C) ÷ 4
C = (A + 0 + C + 0) ÷ 4

Mlinganyo wa kwanza unakuwa 3A = 100 + C. Wa pili unakuwa 3C = A. Hii ni milinganyo miwili ya kutatuliwa kwa pamoja, kazi uliyoifanya tangu madarasa ya chini. Weka A = 3C katika wa kwanza: 9C = 100 + C, basi C = 12.5 na A = 37.5.

Soma mteremko sasa. Kutoka ukingo wa juu hadi A kimo kimeshuka 62.5, kutoka A hadi C kimeshuka 25, kutoka C hadi ukingo wa chini, 12.5. Uga karibu na ukingo wa juu ni mara tano ya ule wa chini. Umekokotoa uga wa sumaku kwa penseli.

Kuna njia ya pili inayomfaa asiyependa milinganyo. Anza kwa kuipa kila nukta 0, kisha zungukia nukta moja baada ya nyingine ukiweka wastani wa majirani zake kama walivyo wakati huo. Mzunguko wa kwanza unatoa A = 25, B = 31.25, C = 6.25, D = 9.375. Wa pili unatoa karibu 34.4, 35.9, 10.9 na 11.7. Endelea na namba zitatulia kwenye 37.5 na 12.5. Kompyuta haichoki, kwa hiyo inaweza kuzunguka hivyo kwa nukta maelfu.

Pembetatu, na paa la mabati

Miraba ina shida moja: haikai vizuri kwenye kona na maumbo ya mviringo. Kwa hiyo wahandisi hutumia pembetatu. Pembetatu ndogo zinajazwa palipo na mambo mengi, kama kwenye mwanya na kona za chuma. Kubwa zinaachwa mbali hewani ambako uga ni hafifu. Kila pembetatu inachukuliwa kama bati moja bapa la paa, lililoinamia upande wake. Mabati mengi bapa yakiunganishwa kwenye kingo zake yanaweza kufuata mgongo wa kilima chochote, ilimradi yawe madogo ya kutosha. Na katika bati moja bapa mteremko ni mmoja. Kwa hiyo katika pembetatu moja B ni moja, na F = BIL inarudi kuwa halali kama ulivyofundishwa darasani.

Pembetatu hizo huitwa elementi finiti, kwa maana kwamba zina ukubwa na idadi inayohesabika, na mbinu nzima huitwa mbinu ya elementi finiti. Miraba yetu ya juu ukiikata kwa mshazari iwe pembetatu, mbinu hiyo inakupa kanuni ileile ya wastani wa majirani wanne. Programu halisi hutumia aina nyingine ya "kimo" ili mkondo wa koili nao uingie katika hesabu, lakini mwendo wa kazi haubadiliki: namba moja kila kona, milinganyo mingi, jibu moja.

Kwa kuwa spika ni ya mviringo, hakuna haja ya kuijaza yote pembetatu. Ukikata papai kwa urefu katikati, uso mmoja unakuambia papai zima liko vipi. Programu inachora nusu ya uso wa mkato huo tu, kisha inaizungusha kihesabu kuizunguka nguzo.

Chuma ndicho kinachoongeza kazi. Chuma laini hupitisha uga kwa wepesi wa maelfu ya mara kuliko hewa, lakini wepesi huo una kikomo. Kinapofika karibu tesla 2 kinashiba, na baada ya hapo kinakuwa karibu sawa na hewa. Daraja la gari moja haliwi pana kwa sababu magari yameongezeka barabarani. Hivyo kila pembetatu ya chuma lazima iulizwe imeshiba kiasi gani, jibu lirudishwe katika milinganyo, milinganyo itatuliwe upya, mpaka namba zitulie. Kutokana na hilo utaelewa kwa nini anayebandika sumaku ya pili nyuma ya spika yake hapati sauti maradufu. Kama nguzo imekwishashiba, uga wa ziada unavuja pembeni na mwanya hauambulii kitu cha maana.

Mbinu hii haikubuniwa kwa ajili ya spika. Spika ya koili ya namna hii ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, bila kompyuta yoyote. Mwanahisabati Richard Courant alitumia pembetatu kutatua tatizo la kusokotwa kwa nondo katika makala yake ya mwaka 1943. Wahandisi wa mabawa ya ndege waliiendeleza katika miaka ya 1950, na Ray Clough akaipa jina lake mwaka 1960. Kutoka kwenye mabawa na majengo ikahamia kwenye mota, transfoma na spika.

Leo kuna programu ya bure iitwayo FEMM, iliyoandikwa na David Meeker, inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows na haihitaji intaneti ikishapakiwa. Shule yenye kompyuta moja inayowaka inatosha. Unachora nusu ya mkato wa spika, unaiambia hapa ni chuma, hapa ni sumaku, hapa ni hewa, hapa ni shaba yenye mizunguko kadhaa na mkondo kiasi fulani. Inajaza pembetatu yenyewe, inatatua, kisha inakupa rangi za ukali wa uga na kani juu ya koili. Sogeza koili milimita 1, tatua tena. Ukirudia hivyo utapata jedwali kama letu, safari hii bila kutunga namba.

Rangi nzuri kwenye skrini zinaweza kudanganya. Mwanafunzi makini anafanya ukaguzi wa aina mbili. Kwanza anapunguza ukubwa wa pembetatu kwa nusu na kutatua tena. Jibu likibadilika sana, pembetatu zilikuwa kubwa mno. Pili anakokotoa kwa mkono, F = BIL, kuona kama jibu la kompyuta liko karibu na akili. Programu ikikupa nyutoni 220 kwa spika ya redio, kuna mahali umeandika sentimita ukidhani ni milimita.

Sumaku zenyewe

Hapa kuna jambo la nyumbani. Sumaku za spika za zamani zilikuwa mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Nikeli iko wilayani Nachingwea kwenye kilima cha Ntaka. Spika nyingi za kawaida leo zina sumaku nyeusi ya feriti, ambayo ni rahisi kwa bei na nzito. Spika ndogo za simu na za masikioni hutumia sumaku za neodimiamu, chuma na boroni, zilizogunduliwa miaka ya 1980. Neodimiamu imo katika madini adimu ya Ngualla, mkoani Songwe. Wanafunzi wa Ruangwa wanaweza kuuliza kama kinywe cha wilayani kwao nacho kinatengeneza sumaku. Hapana. Kinywe ni kaboni, na sumaku hukisukuma kando kwa kani ndogo sana badala ya kukivuta. Kazi yake kubwa iko kwenye betri.

Maswali

1. Kwa kutumia jedwali la tesla la somo hili, tafuta kani juu ya koili ileile ikiwa imesogea nje milimita 2 na mkondo ni ampea 0.5.

2. Rudia mchoro wa nukta nne, lakini ukingo wa juu uwe 100, wa chini uwe −100, na kingo za pembeni 0. Tafuta A na C.

3. Mtahiniwa ameandika: "Spika haitoi sauti kwa mkondo mnyoofu kwa sababu hakuna kani juu ya koili." Sahihisha.

Majibu

1. Vitovu viko milimita 3 na 1 chini, kisha 1, 3, 5 na 7 juu. Jumla ni 0.9 + 1.0 + 1.0 + 0.9 + 0.3 + 0.1 = 4.2. Kani ni nyutoni 2.1. Linganisha na 2.2 ya katikati: milimita 2 za kwanza zinapunguza kani kidogo tu, milimita 2 zinazofuata zinaipunguza sana. Ndiyo maana spika hiyohiyo husikika safi kwa sauti ya wastani.

2. Kwa ulinganifu C = −A. Basi A = (100 + 0 + A − A) ÷ 4 = 25, na C = −25.

3. Kani ipo, na ndiyo iliyoirusha koni kwenye jaribio la betri. Lakini haibadiliki, hivyo koni husogea mara moja na kutulia mahali pamoja. Sauti huhitaji koni itetemeke.